Pedali ya Kushoto

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huanza na theluji, na theluji yenyewe haina sauti. Ilikuwa Buffalo, mwezi wa kwanza wa mwaka, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba mwenye nguvu nyingi kuliko kazi za kuzitumia. Siku hizi nakaa Columbus, huku Northland, nina mvi na goti linalojua mvua kabla ya redio, na kanisani wananiita mzee. Nimezoea. Lakini nikifumba macho baada ya chakula cha mchana, najikuta nimesimama tena nyuma ya ile nyumba yetu ya kupanga, theluji inashuka polepole kama unga unaochekechwa, na mbele yangu kuna gari dogo la bluu lililokataa kabisa kunipa gurudumu lake moja.

Gari lilikuwa langu, na haraka ilikuwa yangu pia. Mama alikuwa anakuja.

Ngoja nikueleze, maana ninyi mliozaliwa huku mnadhani watu huja Amerika kama wanavyokwenda dukani. Sisi ni Warundi, tukalelewa katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Jina letu lilipotoka kwenye orodha ya kuja Amerika, karatasi za Mama zilikwama mahali, hakuna aliyejua wapi, tukaambiwa tutangulie naye atafuata. Mimi nikapelekwa Buffalo, mdogo wangu Yudita na mumewe wakapelekwa Louisville, na Mama akabaki peke yake katika nyumba ya udongo tuliyoijenga pamoja. Ilipita miaka mitatu. Halafu wiki moja simu ikalia, Yudita analia na kucheka kwa pamoja: Mama anashuka Louisville Jumamosi, saa nne asubuhi.

Nilizungumza na Mama kabla hajaondoka. Laini ilikuwa inakatika kila mara, lakini neno moja nilimwambia akalisikia vizuri: "Mama, mzigo wako nitaupokea mimi mwenyewe." Nyumbani kwetu hilo halikuwa neno dogo. Mzazi akitoka safari ndefu, mtoto wake wa kwanza ndiye anayemtua. Akimtua mwingine, majirani walikuwa wakiuliza kwa sauti ya chini, je, yule mkubwa amefariki? Kwa hiyo nilikuwa nimejifunga kwa mdomo wangu, tena kwa furaha.

Mpango ulikuwa rahisi. Ijumaa nitoke kazini kiwandani saa saba mchana, nibadilishe tairi moja lililokwisha, niendeshe mpaka Columbus, nilale kwa rafiki yangu mtaa wa Linden, na alfajiri nimalizie safari hadi Louisville. Tairi lenyewe lilikuwa la mbele, upande wa kushoto. Kumbuka upande huo, mwanangu. Hadithi yote imekaa hapo.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, maana mzee akisimulia hurudi nyuma kama mtu aliyesahau kofia. Kambini Mama alikuwa na baiskeli. Baba alifariki nikiwa mdogo, na baiskeli hiyo ndiyo iliyotubebea mihogo, kuni na maji. Mama aliitengeneza mwenyewe, sketi ameikunja magotini, mikono myeusi, na wanaume wakipita walijifanya hawaoni. Nilipofika miaka tisa alinikalisha mbele ya ile baiskeli, akanionyesha pedali ya kulia, akasema hii inafunguka kama kila kitu duniani kinavyofunguka, kinyume na mshale wa saa. Kisha akaizungusha baiskeli, akanionyesha pedali ya kushoto. Hii, akasema, inafunguka kwa kufuata mshale wa saa. Kila kitu cha kushoto ni kinyume. Usisahau.

Sikusahau. Neno hilo lilinilisha. Vijana wenzangu walikuwa wakivunja pedali za kushoto kwa kulazimisha, kisha wanasukuma baiskeli zao mpaka kwangu, nami nazungusha upande wa pili kidogo tu, inatoka, wanabaki wameshika vichwa. Hata malori ya zamani yaliyotuletea mahindi, dereva mmoja alinionyesha, nati za magurudumu ya kushoto zilikuwa zinafunguka vilevile kinyume. Basi nikaamini kwamba hiyo ndiyo sheria ya vyuma vyote. Watu wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, tena nikalishika kwa mikono miwili, na bado kitu kilivunjika.

Ijumaa ile nikatoka kazini na wenzangu wawili, Festo na Nestori, wote watoto wa kambi ile ile. Zana zangu zilikuwa chache: spana moja ya tairi, nyundo, na bomba la chuma lenye urefu wa mkono, la kuchomeka kwenye mpini wa spana ili nguvu iongezeke. Kambini bomba kama hilo lilikuwa mwisho wa maneno. Gurudumu la gari lile lilishikwa na bolti tano, kila bolti na nati yake, na Buffalo wanamwaga chumvi barabarani majira yote ya baridi, kwa hiyo kila chuma cha chini kilikuwa na kutu nyekundu.

Nikaweka spana kwenye nati ya kwanza. Kushoto ni kinyume, nikasema, na wenzangu wakaitikia kama watu wanaoitikia amina. Nikavuta kwa kufuata mshale wa saa. Haikutikisika.

Juu yetu, ghorofa ya pili, dirisha likafunguka. Alikuwa Papa Musafiri, jirani yetu Mkongomani kutoka Uvira, mzee aliyeendesha na kutengeneza malori miaka mingi kwenye zile barabara za milima. Sisi vijana tulikuwa tunamcheka Kiswahili chake, tunamuigiza vile vineno vyake vya Kifaransa, donc na bon, na yeye anajua tunamuigiza na anatuangalia tu. Akauliza kama tunahitaji msaada. Nikamjibu kwa heshima ya mdomoni kwamba hapana, Papa, mimi ni fundi tangu utoto. Akafunga dirisha.

Kuuliza si ujinga, hilo tunalijua sote. Lakini siku ile niliona kuulizwa tu kama nahitaji msaada ni kutukanwa.

Nikachomeka bomba. Nestori akaning'inia pamoja nami. Chuma kikalia mlio mwembamba, kikaachia ghafla, tukaanguka wote wawili kwenye theluji tukicheka, tukidhani nati imekubali. Kumbe bolti imekatika, ncha yake na nati vimelala kwenye theluji pamoja nasi. Nikasema ni kutu. Tukaenda kwenye nati ya pili, safari hii Festo akasimama juu ya bomba na buti zake. Ikakatika pia. Nikasema ni shetani. Nilipoanza ya tatu ngozi ya vidole ilikuwa imechubuka, na ndani ya kifua nilikuwa namwona Mama anatoka mlangoni pale Louisville, anatazama kulia, anatazama kushoto, mimi sipo. Niliogopa, mwanangu. Nilikuwa naogopa nikalazimisha zaidi, na hiyo ndiyo tabia ya woga ukiwa na nguvu.

Sikumsikia Papa Musafiri akishuka. Theluji ilimeza hatua zake. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama hapo amevaa koti kubwa la mwanawe, mkononi chupa ya chai, kwapani mfuko wa zana umekunjwa. Hakuuliza kitu kwanza. Aliokota kipande cha bolti iliyokatika, akakifuta kwenye koti, akakiinua kwenye ule mwanga mweupe. Kisha akauliza:

"Mutoto yangu, mulikuwa munafungua ao munafunga?"

Nikamweleza sheria yangu. Nilieleza vizuri sana, kwa sauti ya mwalimu, pedali, malori, kushoto kinyume. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanivuta karibu, akaweka ukucha wake kwenye ile mistari inayozunguka bolti, mistari ambayo mafundi huiita uzi, akaufuata uzi ule ukipanda polepole, mara moja, mara mbili, ili nione unaelekea wapi. Ulikuwa unapanda upande wa kawaida. Ule wa pedali ya kulia.

"Iyi bulo haikukukatalia," akasema, maana bolti kwao ni bulo. "Weye njo ulikuwa unaifunga. Nguvu unazo, bon. Macho njo haukutumia."

Festo na Nestori wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi nyumbani. Siwalaumu.

Nikamwambia Papa kwamba sina muda, Mama anashuka kesho. Akasema yeye muda anauona, bolti haiuoni. Akanimiminia chai. Na hapo ndipo nilipomwona mtu akichagua zana, nami niliyejiita fundi nikajua kwamba nilikuwa napiga tu. Zana ya kwanza aliyoitoa ilikuwa brashi ndogo ya waya. Akasugua kutu kwenye zile nati tatu zilizobaki mpaka uzi ukaonekana. Kisha mafuta mepesi, tone hapa, tone pale, na nyundo ndogo akiigonga nati pembeni, taratibu, kama anayebisha hodi. Kisha akaketi kwenye ndoo, akanywa chai, akangoja mafuta yaingie yenyewe. Theluji ikatua kwenye kofia yake na hakuifuta. Sijui tulikaa muda gani. Katika kumbukumbu yangu tunakaa pale mwaka mzima, kumekuwa kimya, na mimi naanza kusikia moyo wangu ukitulia.

Alipoinuka akachagua soketi ya pembe sita, akasema inakumbatia nati pande zote, siyo kama spana yangu iliyokuwa imeanza kula kona za nati. Akaweka mpini. Halafu, mwanangu, akanyoosha mkono na kuchukua bomba langu. Lile lile. Nilidhani amelichukua alitupe. Akalichomeka kwenye mpini, akanipa mimi, akanigeuza mabega yangu yaelekee upande wa pili. Nikavuta. Nati ikatoa mguno mdogo, ikafunguka kwa mkono mmoja.

Nililia kidogo. Nikasema ni baridi.

Lakini bolti mbili zilikuwa zimekatika, na gari haliendi safari ndefu na bolti tatu. Giza la Buffalo huingia mapema, na duka lenye bolti za gari lile lilikuwa limeishiwa mpaka asubuhi. Ilibidi nimpigie Yudita. Na hapa ndipo kosa langu la pili, dogo lakini bovu kuliko la kwanza. Nikamwambia theluji imefunga barabara. Lilitoka mdomoni kirahisi sana. Sikutaka Mama ashuke kwenye ndege asikie kwamba mwanawe fundi ameshindwa na nati, tena kwa sababu ya neno alilofundishwa na yeye mwenyewe.

Asubuhi mapema nikanunua bolti mbili, Papa Musafiri akatoa vipande vilivyovunjika kwa nyundo, akavuta bolti mpya mahali pake, akafunga gurudumu. Hakutaka asante ndefu. Alisema neno moja tu kupitia dirisha la gari: nikifika Columbus, nisimame nijaribu nati zote tena, kwa sababu gurudumu lililofungwa upya hulegea njiani. Ilikuwa saa mbili. Mama alikuwa angani bado.

Safari ile naikumbuka kama ndoto. Mashamba meupe, mbingu nyeupe, barabara nyeusi katikati. Saa nne ilipofika nilikuwa bado nina theluji pande zote, na nilijua kwamba wakati huo huo Mama anakanyaga sakafu ya Louisville. Nikamwambia pole kwa sauti, peke yangu ndani ya gari. Kadiri nilivyokwenda kusini theluji ilichanika, nyasi zikatokea, kahawia, kama mkeka uliochakaa. Columbus nilifika mchana. Kila kitu mwilini kilisema pita, umeshachelewa. Nikakata kona nikaingia Morse Road, nikasimama mbele ya duka moja la Kiafrika lenye harufu ya samaki wakavu mpaka nje, nikapiga goti, nikajaribu nati tano, moja baada ya nyingine. Zile mbili za bolti mpya zilikuwa zimelegea. Nikazikaza. Mikono yangu ilipata baridi ambayo naisikia hadi leo, maana ningepita moja kwa moja Mama asingekuwa na mtu wa kumngoja. Wahenga walisema kawia ufike.

Louisville nilifika saa kumi na moja jioni. Nilikwenda kwanza nyumbani kwa Yudita, nikiamini wote wamelala kwa uchovu na shibe. Hakukuwa na mtu ila mume wake na sufuria ya wali. Akaniambia bado wako uwanja wa ndege. Mama amekataa kuondoka.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha chuma karibu na mlango wa kutokea, mdogo kuliko nilivyomwacha, amevaa vitenge viwili na koti la kupewa. Mapajani ameshika begi lake kwa mikono miwili. Yudita yuko upande huu, mama mmoja wa shirika la wakimbizi aliyekuja kuwapokea yuko upande ule, wote wamechoka kubembeleza. Kwa muda wa saa saba nzima, kila aliyenyoosha mkono kulipokea lile begi alijibiwa neno moja: mwenyewe anakuja.

Nikapiga magoti nikamwamkia. Akanishika viganja vyote viwili, akavigeuza, akavitazama muda mrefu. Grisi kwenye kucha, ngozi iliyochubuka. Akaniuliza kwa Kirundi, nami nakupa kwa Kiswahili, ni nini kilichonichelewesha. Nikasema, "Theluji, Mama. Ilifunga barabara."

Akavisogeza viganja vyangu puani, akavinusa.

"Theluji haina grisi, mwanangu."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kutoka kiganjani hadi puani kwa mama yangu. Nikamweleza yote pale pale sakafuni, watu wakipita na masanduku yao ya magurudumu. Bolti ya kwanza, bolti ya pili, kushoto ni kinyume, Papa Musafiri na ukucha wake. Nilipomaliza nilikuwa naogopa kumtazama, kwa sababu nilihisi nimemshitaki. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kile kicheko chake cha bila sauti alichokuwa nacho kambini mvua ikivuja kitandani.

"Nilikufundisha pedali," akasema. "Gari nilikuwa sijawahi kulifungua."

Akaliinua begi kutoka mapajani mwake, akaniwekea mikononi. Lilikuwa jepesi sana. Nililibeba mpaka garini kana kwamba ni mtoto mchanga, na Mama akatembea nyuma yangu, na kabla hajapanda akazunguka hadi gurudumu la mbele la kushoto, akainama, akaziangalia nati moja moja.

Mama amepumzika Louisville sasa, chini ya nyasi nzuri ambazo watu wengine wanazikata. Papa Musafiri naye ametangulia. Kile kipande cha bolti nilikiweka kwenye kisanduku changu cha zana, na binti zangu wakiniuliza kwa Kiingereza chao ile takataka ni ya nini, nawaambia ni cheti changu cha shule.

Basi sikia, mwanangu. Tuliyokufundisha sisi ni kweli, lakini ni kweli ya pale tulipojifunzia. Yabebe, yatakulisha, ila usiyatie bomba kabla hujayatazama. Kitu kikikukatalia, usikimbilie chombo kirefu zaidi. Kwanza kisugue kionekane, uone uzi wake unapandia wapi. Labda hakikukatalii, labda wewe ndiye unakifunga. Mtu pia ana uzi wake, mkeo, mumeo, mtoto wako, hata bosi wako wa kazini, na wengi tumewakata kwa kudhani tunawafungua. Mzee akikufungulia dirisha, mkubali ashuke, hata kama Kiswahili chake kinakuchekesha. Na ukichelewa, sema kilichokuchelewesha, maana mikono yako itasema. Na haya ninayokuambia mimi leo, nayo yatazame kwanza, usije ukayabeba mzimamzima kama nilivyobeba ya mama yangu.

Mungu akupe macho kabla ya nguvu. Akupe jirani mwenye brashi na chai. Na popote utakapochelewa kufika, umkute aliyekungoja bado ameketi, na mzigo wako bado uko mapajani mwake.